Tulivyokwenda Kumuuliza Ombati Kama Amekufa

Tangu nirudi sijamaliza hata gauni moja. Kila anayeleta kitambaa anaketi kwenye benchi, anavua viatu, anasema, "Kemunto, hebu tuambie, ilikuwaje?" Nikifika katikati anaingia mwingine na kitambaa chake, wa kwanza anamwambia, "Keti, anasimulia," nami naanza upya. Ndiyo maana nimeandika. Daftari hili litaning'inia kwenye msumari kando ya cherehani. Asomaye asome, alirudishe, aniache nishone. Habari za tikiti na barua ya chifu hamtazikuta humu. Zilichosha mara moja, zinatosha.

Nyumbani, penye mtoto asiye na jina

Wengi mnajua mwanzo, lakini wateja wangu wa upande wa Keroka hawajui, kwa hiyo vumilieni.

Mdogo wangu Ombati alitoka nyumbani mwaka wa sitini na sita akiwa na miaka kumi na mitano. Matokeo ya mtihani wa darasa la saba yalikuwa yamefika na jina lake halikuwamo. Baba yetu, Mzee Makori, ni mzee wa kanisa letu la Wasabato, na alikuwa amekwisha kuwatangazia waumini wote kwamba mwanawe anakwenda sekondari. Wakati wa chakula alisukuma sahani yake kando akamwambia Ombati, "Toka. Na ukitoka ujue huna baba. Ukiulizwa, sema alikufa." Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikasikia kila neno. Ombati alimaliza kula, akanawa mikono, akatoka. Tulidhani amekwenda kwa mjomba.

Maneno yale hayakutajwa tena. Polisi waliambiwa mtoto amepotea. Redioni ilitangazwa kwamba amepotea. Kanisani aliombewa pamoja na wagonjwa na wasafiri, kwamba amepotea. Lilikuwa neno zuri, halikumgusa mtu yeyote pale nyumbani. Mzee alikwenda Kericho mara mbili kuuliza kwenye mashamba makubwa ya chai, mjomba akauliza Nairobi, mimi nikamuuliza kila dereva wa lori aliyeleta suruali kushonwa. Miaka minane.

Mwaka huu mke wa kaka yangu Mogaka akajifungua mvulana. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kufariki. Aliye hai jina lake haliguswi; ukimpa mtoto, umemzika mwenyewe. Basi Mama alisema mtoto aitwe Ombati. Mzee akakataa, akasema hawezi kumzika mwanawe bila mwili.

"Basi nenda uniletee," Mama alimwambia. "Nimeita jina hilo miaka minane hakuna anayeitika. Niletee mwenyewe, au niletee habari ya kaburi, nimpe mtoto huyu nipate mtu wa kuniitikia."

Mtoto alifikisha wiki sita akiitwa Mtoto tu. Siku ya kumweka wakfu kanisani ilikuwa imepangwa, Sabato ya tatu kutoka siku ile, na mchungaji hawezi kumshika mtoto mbele ya watu akasema, "Bwana, huyu hapa."

Katika hali hiyo ndipo Mama Atieno, anayeleta samaki soko la Keumbu kutoka Kendu Bay, aliingia dukani kwangu kuchukua sketi yake. Ukutani nimetundika picha ya darasa la saba la mwaka ule, ndiyo picha pekee ya Ombati tuliyo nayo. Amesimama nyuma, amefumba macho, na nusu ya uso wake imefichwa na sikio la kijana mrefu aliye mbele yake. Mama Atieno akaweka kidole kwenye kioo. "Huyu kijana najua yeye. Alikuwa anabebea dada yangu mizigo kule ziwani." Kidole cha mtu anayepasua samaki tangu utotoni ni kipana. Hilo nililifikiria baadaye sana.

Keumbu hadi Kendu Bay

Tuliondoka Jumatano, Mzee na mimi. Nilichaguliwa kwa sababu Kiswahili cha Mzee ni cha Biblia, na huko tulikokwenda watu hawauzi samaki kwa Kiswahili cha Biblia. Mzee alivaa koti lake la kanisani na viatu vyeusi. Mimi nilibeba picha, nimeifunga kwa khanga, pamoja na chupa kubwa ya maji ya moto yenye majani ya mchaichai. Lazima niwaeleze hapo. Mzee ana chai nyingi kuliko jirani yeyote. Huipanda, huipalilia, huipeleka kituoni kupimwa, na hajawahi kuinywa tangu abatizwe. Anasema inasisimua mwili. Wanaosisimka ni wa mbali, yeye hawaoni.

Basi lilitufikisha Kisii mjini bila tatizo, likapata tatizo mara tu baada ya hapo. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara imekuwa uji. Abiria wanaume waliambiwa washuke wasukume. Mzee alishuka, akavua viatu, akaviweka mapajani mwangu, akasukuma akiwa na koti. Utingo alimwambia, "Mzee, kaa ndani, wewe umezeeka." Mzee akamjibu kwamba anakwenda kumchukua mwanawe na angependa afike.

Hapo ndipo nilipoanza kumwonea huruma, jambo ambalo sikuwa nimelipangia safari.

Kendu Bay, na habari ya magamba

Dada yake Mama Atieno ni mjane mwenye mikono mikubwa na kicheko kikubwa zaidi. Alitupokea kama watu aliokuwa akiwangoja. Kabla hatujafungua picha alituketisha, akaingia jikoni, na kwa muda mrefu tukasikia mafuta tu.

Sasa, Msabato hali samaki asiye na magamba. Mzee aliletewa sahani ya mchuzi, akaiangalia, akauliza kwa upole wote, "Mama, samaki huyu ana magamba?"

Yule mama akakunja uso. Alidhani anaambiwa ni mchafu. "Mzee, hii samaki ni safi kabisa. Mimi mwenyewe nimetoa."

"Umetoa magamba?"

"Yote. Hata moja haiko."

Mzee akaridhika, akaomba, akala. Mimi nilikuwa nimekwenda jikoni kunawa na nilikuwa nimekiona kichwa cha samaki yule juu ya ubao, kina ndevu ndefu. Alikuwa mumi. Mumi hajawahi kuwa na gamba tangu kuumbwa kwake. Nilirudi nikamkuta Mzee anaomba mchuzi wa pili, nikaamua kwamba kuna mambo ambayo mtoto mwenye adabu hayasemi. Mzee hasomi mwandiko wangu bila miwani, na miwani ameketi juu yake Jumatatu. Kwa hiyo nitajua ni nani kati yenu aliyemwambia.

Baada ya kula tulifungua picha. Yule mama akaiangalia, akaweka kidole, kipana kama cha mdogo wake. "Ndiyo, huyu. Kijana mzuri. Alibeba mizigo yangu miaka mbili, halafu akasema anarudi juu kwenu kufungua duka. Magwagwa. Anachukua samaki kavu kwangu mpaka leo, anatuma mtu."

"Yu hai?" Mzee aliuliza.

"Mtu amekufa anaweza nunua samaki?"

Mzee alisimama, akaenda ukingoni mwa ua, akatugeuzia mgongo. Alikaa hapo muda mrefu akiangalia nyavu zilizoanikwa. Aliporudi aliniambia, kwa Kikisii, kwamba Magwagwa ni nyumbani kabisa, kwamba mtoto amerudi mwenyewe karibu, na kwamba hilo ni dalili. Dalili ya nini hakusema. Nilimpa mchaichai akanywa.

Sondu, ambako Sabato ilitukuta

Alhamisi yote tulingoja gari. Ijumaa tulipanda lori la magunia, nalo likaharibika mara tatu, kila mara mahali pasipo na kitu. Tulipofika Sondu jua lilikuwa linakwenda chini na Mzee akagonga paa la lori kwa fimbo. Sabato huanza jua likizama, na mtu wa Sabato hasafiri. Dereva alimwambia Magwagwa si mbali tena. Mzee akamwambia jua pia si mbali.

Tulipokewa na katekista wa Kikatoliki, mtu mwembamba mwenye mke mkarimu mno. Ukarimu huo ndio uliokuwa taabu. Mama wa nyumba alileta chai ya maziwa. Mzee akashukuru, akasema hanywi. Yule mama akairudisha, akaongeza maziwa, akaileta tena. Mzee akashukuru. Ikarudi ikiwa na sukari mara mbili. Ikarudi tena ikiwa kwenye kikombe kizuri, cha wageni. Mwishowe yule mama alichukua kikombe, akanywa nusu mbele yetu, akamkabidhi Mzee kilichobaki. "Mzee, umeona? Haina kitu mbaya." Nilimweleza kwamba ni mambo ya kanisa. Akauliza kama ni kanisa lile lile linalolima chai. Nikasema ndilo.

Jumamosi Mzee alikaa chini ya ukuta wa nyumba akisoma Biblia na kuimba peke yake sehemu zote nne za wimbo. Watoto walikuja kumwangalia. Jioni nilimweleza katekista habari yetu yote, miaka minane, picha, mtoto asiye na jina. Alisikiliza kwa huzuni sana, akaandika jina la Ombati kwenye karatasi, akasema kesho watamkumbuka kwenye misa. Nikashukuru. Jumapili hatukuweza kuondoka kabla ya misa, kwa kuwa wenye nyumba hawakutaka kusikia habari hiyo. Hivyo tulipumzika Sabato mbili, yetu na yao.

Mzee alikataa kuingia kanisani kwao, akasimama nje dirishani, pale ambapo mtu anaweza kusikia bila kuhesabiwa. Katekista alisoma majina ya wagonjwa. Kisha akasema, "Tuwaombee marehemu wetu," akaanza kuyasoma, na jina la nne likawa Ombati mwana wa Makori.

Simlaumu. Amesikia mtu hajaonekana miaka minane na mtoto anangoja jina, angemweka wapi? Lakini Mzee aliingiza kichwa dirishani, kofia mkononi. "Huyo bado," alisema. "Naomba mumtoe."

Kanisa zima likageuka. Katekista aliangalia karatasi yake, akaniangalia mimi, akatoa kalamu mfukoni na kulikata jina pale pale mbele ya altare. "Ombati ametolewa," akasema, kisha akaendelea na jina la tano. Njiani Mzee aliniambia kwamba kwa Wakatoliki, wale walikuwa watu wazuri.

Magwagwa: mtu wa kwenye picha

Jumatatu tulipanda kwenda Magwagwa, sehemu kwa gari, sehemu kubwa kwa miguu. Karibu na soko Mzee alisimama kando ya njia, akachuma jani la mgomba, akafuta viatu. Kisha akaniuliza, "Kemunto, mtu huanza na neno gani?"

Nilimwambia aanze na salamu.

"Na baada ya salamu?"

Mara ya kwanza katika miaka minane nilijua kwamba anayakumbuka maneno yale kama ninavyoyakumbuka mimi. Nilitaka kumwambia nilikuwa jikoni, nilisikia. Sikumwambia. Tukaendelea kutembea.

Duka lilikuwa la chumvi, mafuta ya taa na samaki wakavu. Mwenyewe alikuwa ametupa mgongo, anammiminia mteja mafuta. Alikuwa mrefu. Mzee akavua kofia. Mwenye duka akageuka, akamwona Mzee, na mafuta yote yaliyobaki yakamwagikia miguu yake. Hakuwa Ombati.

Alikuja mbele pole pole. Alishika mkono wa Mzee, akauachia, akaushika tena na kuubonyeza, namna mtu anavyobonyeza ndizi kujua kama imeiva.

"Mzee Makori wa Keumbu?"

"Ndiye."

"Kumbe upo."

"Nipo, kwa neema," Mzee alijibu, akidhani ni adabu ya upande huo. "Na wewe si Ombati."

"Hapana, mzee. Mimi ni Onchari. Nilisoma na Ombati, hapo nilikuwa naishi kwa mjomba wangu." Nilimpa picha. Akaonyesha kijana mrefu mwenye sikio. "Huyu ndiye mimi. Nilisimama mbele yake."

Mzee aliketi juu ya gunia la chumvi. Siku sita za njia, na tulikuwa tumelifuata sikio. Niliona uso wake unazeeka pale pale na nikachukia vidole vyote vya Kendu Bay.

"Lakini Ombati nimemwona," Onchari akasema. "Mvua hizi zikianza. Nilikwenda kununua mahindi Itumbe nikalala kwake. Ana shamba dogo la chai, ana mke wa huko."

"Itumbe gani?" Mzee aliuliza.

"Mzee, Itumbe ni moja."

Itumbe, wapendwa wateja, ni asubuhi moja kwa miguu kutoka nyumbani kwetu. Ukungu ukiondoka, mgongo wa kule unaonekana kutoka mlango wa jiko la Mama. Miaka minane amekuwa akimwaga maji ya vyombo akitazama upande huo.

"Kwa nini hakuna aliyetuambia?" nilimuuliza Onchari. Akanivuta kando. Alikuwa na aibu.

"Dada, nani anamtafutia yatima jamaa zake? Huko alisema yeye ni yatima wa upande wa Nyamira. Hata mimi aliniambia mzee alifariki, nikampa pole. Nyinyi mkifika, usimwache mzee atangulie. Kuna mambo huko."

"Mambo gani?"

"Mtaona wenyewe. Mimi sitaki kusema mambo ya familia ya watu." Kisha akatufungia samaki wakavu, wenye magamba, na akakataa katakata kulipwa. Njia nzima ya Nyamira nilikuwa na neno la Onchari mdomoni: mzee alifariki. Nilimtazama marehemu akiwa amesinzia kando yangu, kofia imemwangukia puani, na sikuona jinsi ya kumweleza.

Itumbe

Jumatano basi la kutoka Kisii lilipita Keumbu. Nililiona duka langu limefungwa na wateja wawili wameketi kizingitini, mnajijua. Nilitaka kushuka nibadili nguo. Mzee akasema, "Tukishuka mama yako atauliza, na mimi sijui bado." Tukashuka mbele, kwenye njia panda, tukatembea.

Wanawake walikuwa wakichuma chai kando ya njia. Nilimuuliza mmoja nyumba ya Ombati.

"Ombati yatima? Ile ya mabati, chini hapo karibu na maji."

"Yatima wa nani?" Mzee akamuuliza.

"Wa wazazi wake, mzee," yule mama akasema, akaendelea kuchuma.

Nilijaribu kutangulia kama nilivyoagizwa. Mzee haendi nyuma ya mtu akiwa na fimbo. Tulikuwa tumefika kwenye mstari wa mwisho wa chai, nyumba iko pale mbele yetu, sauti ya mwanamume ikatoka kati ya miche. "Makori! Wewe Makori, toka kwenye maji hayo kabla sijaja kukuchapa."

Mzee akasimama. Kwetu, mbali na Mama, hakuna mtu aliye chini ya umri wake anayelitamka jina hilo likiwa tupu namna ile. "Ni nani huyo anayetaka kunichapa?" aliniuliza.

Nilikuwa nimekwisha kuelewa. Nilijaribu kumshika mkono. Kutoka kwenye mfereji akapanda mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi, uchi toka kiunoni kwenda chini, matope mpaka masikioni, akasimama kutuangalia. Nyuma yake akaja mtu mwenye kikapu cha majani mgongoni. Aliondoka nyumbani akiwa na sauti ya kitoto na sasa ilikuwa nzito, ndiyo maana baba yake hakuijua. Macho lakini ni yale yale, na safari hii hakuyafumba.

Mzee alimwangalia mtoto, akamwangalia Ombati, akarudi kwa mtoto. Niliona jambo lile likimfikia. Sisi tulikuwa tumekwenda siku nane kuuliza kama tumpe mtoto jina la Ombati. Ombati alikuwa amemaliza kazi hiyo miaka mitatu iliyopita, upande wake.

"Karibu, mzee," Ombati akasema. Alisema mzee, kama unavyomkaribisha mtu yeyote anayepita.

Ndani tuliketi kwenye viti vilivyotengenezwa na yeye mwenyewe. Mkewe, Moraa, alitusalimu kutoka mlangoni huku ameinamisha uso, kwanza kwa heshima ya baba mkwe, pili kwa sababu alikuwa ameambiwa baba mkwe huyo yuko kaburini. Mzee, aliyeniuliza mtu huanza na neno gani, hakuanza. Ombati ndiye aliyesema, akiangalia mikono yake.

"Uliniambia nikiulizwa niseme ulikufa. Nilikaa miaka mingi hakuna aliyeniuliza. Kisha wazazi wa Moraa wakaniuliza, nikasema. Mtoto akazaliwa, wakasema basi apewe jina la babu yake marehemu. Ningewaambia nini?"

Mzee aliizungusha kofia yake mikononi.

"Uliwaambia nilikufa na nini?"

"Homa."

"Homa tu?"

"Homa kali."

Mzee akaifikiria homa ile. Nadhani ilimwuma kidogo kwamba haikuwa kitu kikubwa zaidi. "Na mazishi?"

"Niliwaambia kanisa zima lilikuja," Ombati akasema. "Niliwaambia waliimba sehemu zote nne."

Hapo Mzee alifunika uso kwa kofia yake, mabega yakatingishika, na mimi nikalia bila kofia. Ombati hakulia. Aliamka akamwambia Moraa alete chai. Nilitaka kusema Mzee hanywi, nikafungua mdomo kabisa. Chai ikaja, ya maziwa, ya majani ya pale pale nje. Mzee aliishika kwa mikono miwili akainywa yote. Moraa akamwongezea, akainywa na hiyo. Alisema ina moshi kidogo.

Nyumbani tena

Mama alikuwa mlangoni mwa jiko na Mtoto mgongoni. Hakutusalimu. "Yu hai au amekufa?"

"Yu hai," Mzee akasema. "Aliyekufa ni mimi. Homa."

Kisha akamweleza, na hakuficha. Akamwambia hata maneno yale ya mezani, akidhani Mama hayajui. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Nilikuwepo, Makori," alisema. "Haya, marehemu, nawa mikono ule." Kulipopambazuka hakuwepo. Alikuwa amechukua mkungu wa ndizi akashuka kwenda Itumbe peke yake, bila kumwuliza mtu njia, na alirudi baada ya siku nne akiwa na sauti ya kukauka kwa kuongea.

Mtoto wa Mogaka aliwekwa wakfu akiwa na jina la baba mdogo wa Mzee. Huyo amekufa kweli; Mzee alikwenda kwanza kuliangalia kaburi. Kuhusu yule wa Itumbe, wazee wa ukoo walikuja kusema jina libadilishwe, haifai mtu kuitwa naye yu hai akisikia. Mzee alikataa. Alisema mtoto yule amelipata jina kwa njia halali, yeye Mzee mwenyewe ndiye aliyelitoa mezani mbele ya mashahidi, na kitu ulichotoa huendi kukidai.

Mnaniuliza kama Ombati atarudi nyumbani. Sijui. Hajarudi. Mzee ndiye anayekwenda, kila Jumapili kwa miguu, na hurudi akinuka chai. Jumapili iliyopita nilikwenda naye kumpelekea yule mdogo kaptula, nimemshonea kubwa ili imfae mwakani. Mzee na mtoto walikuwa chini kwenye mfereji wanajenga daraja la vijiti, Ombati akatoka mlangoni akaita, "Makori, njoo ule."

Waligeuka wote wawili.

Ombati alisimama pale akiwaangalia. "Nyote," akasema. Alikuwa amekwisha kugeuka kuingia ndani alipoongeza, bila kutazama nyuma, neno ambalo sisi watoto tunamwitia Mzee na ambalo sikuwa nimelisikia kwake tangu mwaka ule: "Tata, shika huo mgomba ukipanda. Hapo pana utelezi."